Kuni za Msibani

Moshi wa miti ya pamba ni mwepesi, una harufu ya nguo iliyoanikwa juani mchana kutwa kisha ikapigwa pasi yenye moto kupita kiasi. Nikiunusa popote nilipo, narudi kijijini kwetu, pembeni mwa barabara ya kutoka Bariadi kwenda Maswa, kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano. Pamba ilikuwa imeshauzwa, mashamba yamebaki na vijiti vikavu, na sisi watoto tulitumwa kuving'oa. Kuni kwetu ni shida ya siku zote. Miti mikubwa ilikatwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo miti ya pamba ilifungwa mizigo mizigo na kuegemezwa ukutani kama mali. Mama alikuwa na rundo la kupikia, na pembeni yake rundo jingine ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata jiko lizimike. Hilo lilikuwa la misiba. Yowe likisikika, alichomoa mzigo mmoja, akaweka gogo katikati ili moto ukae, akajitwika. Mimi nilipewa kijiti kinacholingana na kimo changu. Niliona aibu kukibeba, maana hakikutosha kuchemsha hata kikombe kimoja cha chai. "Beba," alisema mama. "Au unataka uende mikono mitupu kama umealikwa harusini?"

Mtu mmoja tu kijijini alikuwa haonekani misibani. Ni Luhende, mwenye duka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shughuli: leo yuko Lamadi kufuata dagaa, kesho Maswa kufuata chumvi na mafuta ya taa, na baiskeli yake haikuwahi kupoa. Mtu akifa, Luhende alituma sukari. Ilikuwa sukari nzuri, imefungwa kwenye karatasi ya kaki, tena nyingi kuliko ambayo mtu mwingine yeyote angeweza kutoa. Watu waliinywa kwenye chai huku wakimsema. "Tamu kweli," jirani yetu Mama Kwangu alisema mara moja akikoroga kikombe chake, na wanawake wote wakageuka kumsikiliza, kwa sababu mdomo wake ulikuwa burudani ya kijiji. "Sasa tuipe jembe tuone kama inajua kuchimba kaburi."

Kiangazi hicho Luhende alimleta mama yake mzazi kutoka Mwandoya aje amtunze. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, macho yamefifia, na siku nzima alikaa kwenye kivuli cha duka akisalimia nyayo za watu bila kuwaona. Mama yangu alikuwa akipita pale anapiga goti, anamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," naye bibi ananyoosha mkono hewani kuutafuta wa mama. Sijui kama waliwahi kuzungumza zaidi ya hapo. Bibi huyo akafa asubuhi moja, kabla hajakaa nasi hata miezi miwili. Luhende alipiga yowe mwenyewe. Hakutoka mtu. Wazee wa kijiji, banamhala kama tunavyowaita, walikuwa wamekubaliana tangu zamani kwamba siku ya Luhende ikifika afundishwe: asipelekewe kuni wala maji, asichimbiwe kaburi, mpaka atoe dume la ng'ombe la kuliwa na watu. Luhende akajibu kwa hasira kwamba atakodi vibarua kutoka mjini. Basi kijiji kikakaa kimya, kila mtu nyumbani kwake, kuku tu ndio wanazunguka.

Nilimwona mama akitazama lile rundo lake. Akatazama barabarani, akarudi kulitazama. Baba alikuwa amesafiri na ng'ombe kwenda mnadani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Nilijua kitakachotokea akienda, kwa sababu kila mtoto alijua: atakayevunja amri ya banamhala naye atatengwa, na siku moto utakapotuzimikia hakuna atakayetupa kaa. Hatimaye akachomoa mzigo, akanikabidhi kijiti changu. Nikamwambia, "Mama, na sisi watatutenga." Akasema, "Labda. Funga kanga yako vizuri." Ilitubidi kupita mbele ya kwa Mama Kwangu, ambaye alikuwa mlangoni akipembua mtama. Hakusubiri tufike. "Mama Limi! Umechanganyikiwa? Unampelekea kuni mtu anayetuzika kwa sukari?" Mama hakupunguza mwendo. "Sipeleki kwa Luhende. Yule bibi alikuwa akinishika mkono kila siku. Alinikosea nini?" Mama Kwangu akarudisha macho kwenye ungo, akaanza kupembua upya mtama aliokwisha kuupembua.

Tulimkuta Luhende amekaa chini uani, shati lake jeupe la safari bado mwilini, wanawe wadogo wamejibanza ukutani. Mama hakumpa pole ndefu. Alipanga mafiga matatu, akanipokea kijiti changu, akakivunja vipande na kuwashia moto kwa hicho kwanza. Moshi ulipopanda juu ya paa la duka, kijiji kizima kiliuona. Luhende aliutazama moshi ule kwa muda, kisha akainuka, akachukua jembe, akaanza kuchimba mwenyewe nyuma ya nyumba. Udongo wa mbuga wakati wa kiangazi ni kama saruji. Jembe lilikuwa linaruka. Tulimsikia akichimba na kulia kwa pamoja. Sauti hiyo ndiyo iliyowashinda wanaume, nafikiri, kuliko moshi. Akaja wa kwanza na sururu, akampokea jembe bila salamu, kisha wawili, kisha sikuweza tena kuona kaburi kwa migongo ya watu. Mama Kwangu akaingia na ndoo ya maji kichwani, akamwambia mama, "Sogea huko, uji wako unaungua," na mama hakuwa ameweka uji wowote jikoni.

Dume lilitolewa hata hivyo. Mama naye akatozwa kuku kwa kuvunja amri. Akawachagulia jogoo mzee, akawakabidhi huku akicheka: "Mmenisaidia, wazee wangu. Huyu alikuwa haniachi nilale." Tangu hapo, ukisikia yowe usiku au mchana, baiskeli ya Luhende ndiyo iliyotangulia, na magogo yamefungwa nyuma.

Mimi nilimaliza kidato cha nne Maswa nikaondoka. Nimepika kwenye machimbo Geita, nimeuza nguo Kahama, nimeishi Mpanda, sasa niko Tunduma, na hata hapa mizigo yangu haijafunguliwa yote. Kila nilikofika nilijiambia nitarudi nyumbani nikishatulia. Kijiji kina kundi kwenye simu siku hizi. Mtu akifa tunatangaziwa, natuma mchango, naandika pole, narudi kwenye biashara. Sikuwahi kukosa kutuma. Nilijivunia hilo.

Mwaka juzi mama alifariki. Nilifika jioni baada ya safari ya siku mbili na kuona kuni kabla sijaiona nyumba. Rundo lilipita kimo changu: miti ya pamba, magogo, mabua, hata mguu wa kitanda uliovunjika. Watoto walikuwa wanapita mmoja mmoja kuongeza vijiti vyao. Msichana mmoja aliniuliza mimi ni nani. Nikasema ni Limi. Akanitazama kama nimemdanganya. Maisha yake yote alikuwa akimwita bibi yule Mama Limi, na hakuwahi kufikiri kwamba Limi ni mtu.

Luhende alikuja kesho yake na fimbo mkono mmoja na gogo begani, akamkatalia kijana aliyetaka kumpokea. Alikuwa ameisha kabisa, yule. Alikaa karibu nami, tukatazama moto. Nikasema, kama mtu aliyeulizwa, kwamba misiba yote ya hapa nilikuwa natuma mchango. "Najua," akasema. "Ulikuwa unafika." Akasogeza gogo lake ndani ya moto kwa ncha ya fimbo. "Hata sukari yangu ilikuwa inafika."

Nilikaa mpaka matanga yalipoanuliwa. Rundo la mama la misiba lilikuwa bado ukutani, limefungwa kwa kamba zake. Nililigusa, nikaliacha hapo hapo, nikawahi basi.

Mwezi uliopita nilikuwa dukani Tunduma, jiko la gesi linachemsha chai bila moshi wala harufu, kundi likatangaza kwamba mzee Luhende amefariki. Ni kiangazi sasa. Miti ya pamba imeshang'olewa. Niliwaza safari, nikawaza mzigo wa nguo uliokuwa njiani, nikawaza ni nani atakayetoka na kuni kwenye ukuta wa mama. Kisha nikatuma. Haikupita muda simu ikalia. Kwangu, binti wa jirani yetu, ndiye anayepokea michango siku hizi. Aliandika neno moja tu: imefika.