Viatu Mkononi

Usiniambie Nairobi haina kisiwa. Mimi nimekaa kwenye kisiwa, pale chini ya Baba Dogo, mahali mto unapogawanyika halafu unaungana tena mbele. Katikati palikuwa na nyumba za mabati ishirini na kitu, migomba, na sisi. Mkono wa mbele wa mto ulikuwa na daraja la mbao. Wa nyuma haukuwa na kitu. Unavua viatu, unakunja sketi, unavuka. Ng'ambo ya huo mkono wa nyuma kulikuwa na kiwanda cha sabuni, nilikokuwa kibarua wa kufunga vipande kwa makaratasi.

Watu wa ng'ambo walituita viatu mkononi. Tukienda kanisani Jumapili walitucheka, eti hao wameshuka melini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hasira zangu zilikuwa karibu. Mama hakujali. Alitoka Ukambani akachagua pale makusudi, kwa sababu ploti ya kiwanda iliishia mtoni, na hakuna tajiri angeweza kuruka maji akasema kisiwa ni chake. Kwake yeye, mto ulikuwa seng'enge yetu.

Basi mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, kiangazi kikali, malori ya kiwanda yakaanza kumwaga majivu na vifusi kwenye mkono wa nyuma. Meneja alisema ni taka tu. Taka gani hiyo inayomwagwa kwa mstari ulionyooka? Lakini wacha niseme ukweli ingawa unaniuma: sisi tulifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilienda sokoni Gikomba nikanunua viatu vya kamba, nikawa navuka navyo kila asubuhi nikiringa, miguu mikavu kama ya watu wengine. Mama alinitazama tu.

Halafu Jumatatu moja nilitumwa kupeleka chai ofisini, nikamkuta meneja kwenye simu. Mpimaji wa ardhi angekuja Ijumaa. Mto wa nyuma haupo tena, alisema, kwa hivyo mpaka utahamia kule kwenye daraja, na zile nyumba zitakuwa ndani ya ploti. Zitabomolewa kabla ya mvua. Niliweka kikombe mezani, nikatoka.

Nilimwambia mama nikilia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilikuwa nimetembea juu ya kaburi letu na viatu vipya. Mama aliuliza zimebaki siku ngapi. Akachukua jembe.

Tulichimba, bwana. Wanawake mchana kutwa, sisi vibarua tukitoka kazini. Jirani yetu mchonga vinyago, mzee wa mikono laini asiyewahi kulima hata sukuma wiki, alivunja vifusi kwa nyundo mpaka kiganja kikatoa damu. Yale majivu tuliyabeba kwa makarai tukayarudisha kwenye ukuta wao. Meneja alikuja akatutishia askari, akanitazama mimi hasa. Mama alimjibu kwa upole kwamba tunazoa taka tu.

Alhamisi jioni tulifungua upande wa juu, maji yakaingia. Yalikuwa meusi, yananuka sabuni na mafuta, na hayakupita magoti. Lakini yalikuwa yanatembea.

Mpimaji alikuwa kijana mwenye suti ya kijivu na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikang'aa. Alisimama upande wa kiwanda na karatasi zake. Meneja alimweleza kwamba huo ni mtaro tu wa maji machafu, si mto. Kijana akaitikia kwa kichwa, akafungua kalamu.

Mama alikuwa upande wetu, matope mpaka mapajani.

"Kama ni mtaro, mwanangu," alisema, "pita na viatu vyako."

Yule kijana aliangalia maji, akaangalia viatu vyake. Akaangalia maji tena. Kisha akaketi juu ya jiwe, akalegeza kamba, akavua, akaingiza soksi ndani ya viatu, akakunja suruali. Akavuka kuja kwetu, viatu mkononi. Alisimama kando ya mama miguu ikichuruzika, akaandika kwamba mpaka wa ploti ni mto, na mto ni huu alioupita. Meneja alibaki ng'ambo.

Jumatatu mlinzi aliniambia getini kwamba jina langu halipo tena kwenye orodha ya vibarua. Nilimwambia sawa. Nikatembea mpaka ukingoni, nikageuka ili kila mtu aliye dirishani anione, na polepole kabisa nikavua vile viatu vya Gikomba, nikavuka kwenda kwetu.