Jiwe Lililopulizwa Lwanga

Bujiku wa hapa Dutwa namjua tangu akibebwa mgongoni, wala sihadithiwi na mtu. Baba yao alipokufa, ng'ombe walikwenda kwa kaka yake, Selestini. Bujiku alibaki na ufundi wake: kutengeneza mawe ya kunolea visu vya kiwanda cha kuchambulia pamba. Siyo mawe ya mtoni hayo. Anachanganya unga wa shaba na bati na unga wa kauri ngumu, anaushindilia kwenye kalibu kwa jeki, halafu anauoka tanuruni mpaka ushikane. Ukishikana, unakula chuma.

Msimu huu kiwanda kilimtaka alete jiwe moja la majaribio. Likifaa, anaajiriwa. Lisipofaa, akachunge ng'ombe wa Selestini.

"Fimbo yako nimekutunzia," Selestini akamchokoza. "Ile ya zamani imeliwa na mchwa."

Siku ya kushindilia, mama yao, Felisita, alikuja na lwanga, yale maji ya unga mweupe wa mtama tunayoombea mizimu. Beseni la ule unga wa shaba lilikuwa wazi. Akajaza mdomo, akapuliza: pfuu! Unga wote ukalowa.

"Mayu!" Bujiku akamwambia mama yake. "Huu hautaki maji. Ngoja niuanike."

"Uwaanike babu zako juani kama mihogo?" Akaketi palepale. "Shindilia, nikiona."

Kwetu mtoto hafuti baraka ya mzazi. Akashindilia. Tanuruni mtama uliungua, ukaacha matundu ndani kwa ndani. Kwa nje jiwe lilipendeza.

Constantine, fundi mkuu wa kiwanda, akalifunga kwenye mashine, akaiwasha, akaligusisha kisu cha kujaribia. "Kaa pembeni, wewe."

Bujiku hakukaa pembeni. Aliinama kulisikiliza, maana roho haikutulia. Jiwe likapasuka, kipande kikamng'oa jicho la kulia. Constantine akazima mashine, akaokota kisu, akakigeuza huku na huku. "Bahati," akasema. "Hakijapata kitu."

Kidonda hakijakauka, Bujiku akakabidhiwa fimbo. Asubuhi ile nilikuwepo zizini. Felisita alikuja na kibuyu chake.

"Ulinibishia, mizimu ikakukataa," akamwambia, akampulizia lwanga usoni, hapohapo penye kidonda. "Sema asante, imekuachia moja."

Selestini akacheka mpaka akashika nguzo.

Maji meupe yalimchuruzika Bujiku shavuni hadi kidevuni. Hakujifuta.

"Asante, mayu," akasema, akaenda kuwafungulia ng'ombe.