Mpaka Majani Yafukiwe

Harufu ya majani mabichi yaliyofukiwa ndiyo harufu ya nyumbani kwetu. Si mbaya, ingawa mgeni hukunja pua. Ni nzito na tamu kidogo, hupanda kutoka chini ya udongo mvua ikishapiga, huingia ndani ya nyumba na kukaa kwenye blanketi. Sisi Wafipa wa vijijini tulilima hivyo: mvua zikishakolea na majani yakiwa bado laini, unayakusanya na kuyafukia kwa jembe kwenye matuta ya mviringo tunayoyaita intumba, hadi shamba zima linaonekana limeota vichuguu. Juu ya matuta unapanda maharage. Majani yanaoza, udongo unanona, na mvua za mwaka unaofuata unayabomoa matuta, unasambaza udongo na kupanda ulezi. Ukichelewa kufukia, majani yanakomaa, yanakuwa magumu kama fagio na hayaozi tena. Naeleza kilimo chote hiki kwa sababu mama yangu alirudishwa kwa baba kwa ajili ya majani.

Tuliishi kijiji kimoja upande wa Mwimbi. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kwanza, na nyuma yangu alikuwapo Beda, mdogo wangu wa kiume, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Baba hakuwa mlevi. Watu wakisikia habari hizi hupenda iwe pombe, maana pombe inaeleweka. Yeye aliimba besi kwenye kwaya ya kigango, akatengeneza baiskeli za majirani bila kudai kitu, na wazee walimtaja kwa wema. Alimpiga mama kwa sababu ya maji ya kuoga kupoa, au kwa kusimama muda mrefu njiani na mwenzake. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka kusikiliza. Nilijua kwa jinsi alivyoegemeza baiskeli ukutani kama jioni hiyo tutakula au hatutakula, na nilizoea kama tulivyozoea baridi ya mwezi wa sita, ambayo huisemi, unavaa tu sweta na kuendelea.

Siku ninayoisimulia, mama alichelewa kurudi kutoka mtoni na chakula cha mchana kikachelewa naye. Baba alichukua mpini mpya wa jembe uliokuwa umeegemezwa mlangoni. Mama akainua mkono kukinga kichwa. Nilisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu ya ukuni unaovunjwa kwa goti. Nilikuwa nakula kiazi. Nikakimaliza, kisha nikaenda kumchukua Beda aliyekuwa analia uani, nikamfunga mgongoni. Baba alitoka akaenda mazoezi ya kwaya.

Mama alining'iniza mkono kwenye khanga aliyoifunga shingoni, tukatoka hadi barabarani na kupanda fuso lililokuwa linakwenda mjini, na kutoka mjini tukapata jingine la kutufikisha Kaengesa, kwao, kwa bibi yangu. Ndani ya fuso mwanamke mmoja alimuuliza kulikoni. Mama akasema aliteleza kwenye tope. Yule mwanamke akamtazama, akanitazama na mimi, akasema, "Tope la mwaka huu ni baya, dada," akampisha akae juu ya gunia. Zahanati wakamfunga mkono plasta ngumu nyeupe.

Kwa bibi palikuwa na kimya ambacho sikujua nikifanyie nini. Beda alianza kulala amejiachia, mikono huku, miguu kule. Siku moja nilicheka kwa sauti kwa sababu kuku alimpokonya mjomba tonge, halafu nikashtuka na kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Mama alikuwa anapuliza moto kwa mdomo, mkono mmoja umemwelemea kifuani, akaniambia bila kugeuka, "Skola, hapa ndipo tutakapokaa. Utasoma hapa hapa." Nikamwamini. Mjomba Leonsi, kaka yake mama, aliahidi kuongea na mwalimu, na akaapa mbele ya wote kwamba shemeji yake akikanyaga pale atamvunja mguu. Nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilianza hata kujua majina ya mbuzi wa bibi.

Baba alikuja na kaka yake, yaani baba mkubwa, pamoja na mzee mmoja jirani yetu, wakivuta mbuzi wa kuombea msamaha. Hakuna aliyemvunja mtu mguu. Baba alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa kwa wakwe, akasema, "Shikamoo mama," kwa sauti ya chini, nzuri sana. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jiko nachambua maharage. Waliulizana hali za nyumbani, za mvua, za wagonjwa. Kisha baba mkubwa akasema, "Kosa tumelikiri, na mbuzi huyo tumemleta. Lakini jamani, majani yanakomaa."

Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Shamba la matuta halilimwi na mtu mmoja. Unaalika kijiji, na kijiji hakiji bila pombe ya ulezi, na pombe hiyo hupikwa na mwenye nyumba, yaani mke: ndiye anayeloweka ulezi, ndiye anayejua kimea kimefika wapi na chungu kimeshiba kiasi gani. Mwanamume ambaye mkewe hayupo hana wa kumpikia, na akikosa pombe hakosi siku moja, anakosa maharage ya mwaka huu na ulezi wa mwaka ujao. Pale ndani wote walikuwa watu wa matuta. Aliposema vile, wote waligeuka kutazama nje, kwenye majani. Hata mimi niligeuka.

"Yamefika wapi?" akauliza mjomba Leonsi.

"Magotini."

"Aa, basi mmechelewa tayari," akasema, na kuanzia hapo maongezi yakawa ya kilimo. Walizungumza kama watu wenye shamba moja. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya bibi. Akasema, "Na mkono wangu je?" Baba mkubwa akamjibu kwa upole, tena kwa upole kweli, kwamba wanawake wenzake watasaga, yeye ataelekeza tu. Ikawa kama tatizo la mkono lilikuwa kusaga. Bibi akasema, "Nenda ukafukie majani, mwanangu. Maharage yakishavunwa utarudi. Mlango uko wazi." Nadhani aliona amepata njia ya katikati. Bibi aliwahi kulala na njaa na watoto wake, na mwenye kuijua njaa huipa nafasi ya mbele kuliko vitu vingine vyote. Simchukii. Nilimaliza kuchambua maharage, nikatenganisha mawe, nikampelekea.

Tulirudi. Mama alipika pombe kwa mkono mmoja na kwa mdomo wake, akielekeza, akionja, akisema bado au tayari. Siku ya kazi walikuja watu wengi, wakajipanga safu, majembe yakapanda na kushuka pamoja na nyimbo, na majani yakazama chini ya udongo mweusi. Baba alizunguka na kibuyu akicheka nao na kuwatania, akapendeza. "Mama Skola anajua pombe," walisema. Mwanamke mmoja aliitazama ile plasta akasema kwa sauti, "Huyu mwenzetu mwaka huu kapata likizo!" Wanawake wakacheka, na mama naye akacheka. Hapo nilihisi hasira, kali, hadi meno yakaniuma. Ndicho kitu pekee ninachokumbuka kukihisi msimu ule, na hadi leo sijui nilimkasirikia nani hasa.

Alipigwa tena kabla maharage hayajatoa maua. Yalipovunwa nilipanga madaftari yangu kwenye mfuko wa rambo, nikamwambia mama niko tayari. Akasema tungoje matuta yabomolewe kwanza, maana kazi ile alikuwa ameianza yeye. Yakabomolewa, ulezi ukapandwa, na ulezi unataka kupaliliwa na kuwingwa ndege. Ulipovunwa, kipande cha pili cha shamba kilikuwa tayari kina maharage. Shamba la kwetu halina siku ambayo hakuna kitu chini ya ardhi kinachomngoja mtu. Baba hakuhitaji kufunga mlango. Nilikuwa darasa la sita bibi alipofariki, na nyumba ikawa ya mjomba na mkewe. Hakuna aliyetaja tena mlango. Yale madaftari niliyatoa mfukoni mwenyewe, bila kuambiwa.

Kuhusu sisi watoto, Beda alikojoa kitandani hadi alipokuwa kijana mwenye sauti nzito. Sasa yuko Tunduma, anaendesha bodaboda, hajaoa. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akasema, "Dada, mimi mikono yangu siiamini," akabadilisha mazungumzo. Mimi nilisifiwa shule nzima kwa utulivu. Walimu waliandika mtoto mtulivu, majirani wakanitolea mfano kwa watoto wao. Mama naye alisifiwa kwa uvumilivu, hata siku ya mazishi ya baba, mwaka juzi, ambapo mzungumzaji alisema ndoa kama zile siku hizi hazipo. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Sikulia, na sikujisikia vibaya kwa kutolia.

Mambo yamebadilika, na ni haki kusema hivyo. Siku hizi polisi kuna dawati la kupokea kesi za namna hiyo, redio zinazungumza wazi, na wasichana ninaowafundisha sekondari wanajua pa kwenda kuliko mama yangu alivyojua. Lile shamba tumelikodisha kwa familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Nilikwenda kuliona. Baba mwenye familia alikuwa analima na mwanawe kwa plau, majani yanageuzwa chini huku wanapiga soga, bila pombe, bila kumngoja mke wa mtu. Wakaniambia, "Karibu, mwalimu." Nikajibu asante, nikasimama nikitazama mfereji unavyofunguka na kujifunga. Nilipofika barabarani nilikaa chini kando ya njia mpaka bodaboda wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Mama sasa anaishi nasi hapa Malangali. Ule mkono haunyooki wote, lakini anafua nao. Mume wangu anamwita mama na kumletea mkate laini kwa sababu ya meno. Mama anamwomba ruhusa kwenda bombani. Tumemwambia haina haja, anasema sawa, kesho anaomba tena.

Jumamosi moja alasiri mume wangu na rafiki yake walikuwa sebuleni wanaangalia mpira. Mimi nilikuwa jikoni, mama anamsuka Neema, binti yetu wa miaka minne. Timu yao ikafunga. Mume wangu akapiga kelele na kugonga meza kwa ngumi, glasi ikaanguka. Nilipojitambua nilikuwa nyuma ya choo, nimemshika mama mkono, mama amembeba Neema. Hatukuwa tumesemezana neno. Ndani walikuwa wanacheka, na mume wangu akaita kwa furaha, "Mama Neema, mmekwenda wapi?" Binti yangu hajawahi kupigwa, wala hajawahi kuona mtu akipigwa. Nikamgeukia nimwambie si kitu, ni mpira tu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yake yananitazama, anangoja nimwambie lini apumue.