Nozeli Nilizozichimbisha kwa Siri

Mbele ya wakwe huwa nakataa kuhadithia haya, lakini ninyi ni wenzangu, chekeni tu, nimeshazoea kuchekwa kwa siku ile niliyokwenda kuposa Kisondela.

Mchumba wangu Tusajigwe ni fundi magari hapa Tukuyu (ndiyo, mwanamke, na gereji nzima hakuna wa kumfikia), na ndiye aliyenifungia turbo kwenye kigari changu chekundu. Alipomaliza akaniambia, "Gwamaka, nozeli zako ni ndogo kwa turbo hii. Agiza seti kubwa Dar, zote nne mpya. Asikudanganye mtu kuzitanua hizi."

Nikaitikia, kumbe nimeshapata jamaa mwenye drili anayesema kutanua matundu ni kazi ya nusu saa, na mimi haraka imenishika, nataka gari lingurume siku ya posa. Nikachimbisha. Tusa aliponiuliza, nikamwambia seti imefika na nimeshaifunga mwenyewe, asijisumbue.

Jamani, nozeli inatakiwa ipulize petroli kama ukungu. Zangu zilimimina kama birika la chai. Mjini tulitoka vizuri, mimi na mshenga wangu, mjomba Ambakisye, na suti yake ya rangi ya maziwa, lakini tulipoanza kupanda kwenda kwao Tusa gari likaanza kukohoa, moshi mweusi ukatupita na upepo, harufu ya petroli ikamzidi mjomba mpaka akatoa kichwa dirishani (kosa kubwa, alikirudisha kina masizi), na tulipoingia uwanjani, mbele ya wazee waliojipanga kwenye viti, likalia paa! kama baruti, kuku wakatawanyika migombani, bibi mmoja akalala chini kabisa, gari likazima.

Mara Tusa huyo, anatoka jikoni na kitenge chake, siku ambayo hakutakiwa hata kuonekana, ananyoosha mkono: "Lete spana."

Akafungua boneti, akachomoa plagi, zimelowa chapachapa, akachomoa na nozeli moja akaiinua juani.

"Hii ndiyo mpya?"

"Siyo mpya."

"Umechimbisha."

"Nimechimbisha."

"Ukanidanganya, Gwamaka?"

Wazee wote wanasikia. Nilitamani ardhi inimeze na gari langu.

Ndipo baba yake akainuka, mzee ambaye hakuwahi kukanyaga gereji kwa kuona aibu binti yake kushika grisi, akasogea mpaka kwenye boneti na kumwuliza hiyo nozeli kazi yake nini. Tusa akamweleza kwa Kinyakyusa, mzee akaishika kwa vidole viwili kama yai, akamtazama mwanawe muda mrefu kweli. Halafu akanigeukia.

"Kijana, alikwambia ununue mpya?"

"Ndiyo, baba."

"Ukajifanya unajua."

"Ndiyo, baba."

"Basi wewe ndiye unayeolewa leo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mjomba, masizi mpaka masikioni, akainama kwa heshima: "Ndaga fijo! Asante sana, tumekubali."

Posa ikapokelewa, tukarudi mjini tumevutwa na pikapu iliyojaa parachichi. Wiki mbili baadaye Tusa akafunga nozeli mpya, mimi nimeshika tochi. Siku hizi mtu akiniuliza habari za gari namjibu, "Ngoja nimwulize mke wangu," wala sioni haya. Aibu ya moshi ilipita na kicheko. Ile sauti yake akiniuliza kama nilimdanganya ndiyo sijaisahau, na sitaki kuisikia tena maisha yangu yote.