Mtafiti Aliyepoteza Sauti za Ndege

Fadhila Rashidi alizaliwa Same mjini, nyuma ya duka la baba yake la kamba, majembe na maturubai. Milima ya Upare aliiona kila siku tangu utotoni, lakini hakuwahi kuipanda hadi alipokuwa mwanafunzi wa ikolojia ya wanyamapori Morogoro, walipopelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika msitu wa Shengena. Alishuka kutoka huko amekwisha kuamua atafanya nini maishani. Mama yake, Bi Shamsa, alimuuliza ndege wana kazi gani ya kumlisha mtu. Fadhila alirudi tena msituni, kisha tena.

Ndege aliyemvuta zaidi ni kinengenenge wa Upare Kusini, mdogo wa kuenea kiganjani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hukaa juu kabisa kwenye majani, ukungu ukitanda humwoni kabisa. Kwa hiyo watafiti humhesabu kwa masikio. Na masikio ndiyo yaliyompa Fadhila jina. Alisimama mahali pamoja, akafumba macho, akawataja ndege waliomzunguka mmoja mmoja, na wenzake walipohakiki walikuta hakukosea. Taasisi iliyomwajiri ilimkabidhi hesabu ya ndege wa msitu mzima, akishirikiana na Aminieli, askari wa misitu wa kule Chome.

Kisha akaugua. Kikohozi kilichoanza kama mafua kilikuja kutambuliwa kuwa kifua kikuu sugu, na tiba yake wakati ule ilikuwa sindano kila siku kwa miezi mingi. Daktari alimweleza mapema kwamba dawa hiyo huweza kudhuru masikio. Fadhila alimwangalia binti yake Safia, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akasema wamchome.

Alipona. Aliporudi nyumbani alihisi watu wanazungumza kana kwamba wana kitambaa mdomoni. Herufi kama s na f zilikuwa zimepotea. Hata jina la binti yake lilimfikia kama "aia". Lakini hayo aliyachukulia kuwa uchovu wa ugonjwa, na mara tu mwili ulipopata nguvu alipanda Shengena.

Asubuhi ile msitu ulikuwa kimya. Walipita njia yao ya zamani, wakasimama kwenye vituo vyao vya kuhesabia, na Fadhila hakusikia hata kinengenenge mmoja. Aliwaza moto, akawaza wakata mbao, akawaza wamekufa wote alipokuwa kitandani.

"Wamekwenda wapi?" alimuuliza Aminieli.

Aminieli alimtazama, hakumwelewa. "Nani, Mama Safia? Hao hapo juu yetu. Wanalia tangu tufike."

Fadhila aliinua uso. Katika matawi aliona majani yakitikisika, na vidomo vidogo vikifunguka na kufumbwa. Sauti haikuja. Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa akalia, na Aminieli akageuka pembeni akajishughulisha na kamba za mkoba wake.

Mkuu wake wa kazi, Dakta Eliufoo, alikuwa mtu mwema. Alimwita Morogoro, akamwambia kuna nafasi ya ofisini, kupitia ripoti za wengine, mshahara uleule. Bi Shamsa naye alisema duka linamsubiri. Fadhila alirudi kwa Eliufoo akiwa ameshajiandaa.

"Sina ugomvi na ofisi," alisema. "Lakini ile hesabu niliianza mimi. Nipe msimu mmoja nijaribu njia nyingine. Nikishindwa nitakuja mwenyewe kuomba meza."

Njia hiyo ilikuwa ya taabu. Alianza kutega nyavu nyembamba juu kwenye matawi, akizipandisha kwa kamba na roda, akimshika kila ndege aliyenaswa, kumpima, kumvalisha pete mguuni na kumwachia. Akafunga vinasa sauti kwenye miti. Jioni aliziingiza sauti katika kompyuta iliyozichora kama michirizi, na mwanzoni michirizi yote ilifanana. Alikaa nayo msimu mzima hadi akaweza kuutambua mlio wa kinengenenge kwa umbo lake, mkunjo mdogo unaopanda na kukatika. Aliposhuku, alimwomba Aminieli asikilize. Kuna wafadhili walioandika kuuliza kama mtafiti asiyesikia anaaminika. Aliwatumia michoro yote na sauti zake, wahakiki wenyewe.

Vinasa sauti ndivyo vilivyompeleka kijiji cha Bombo. Kimoja alikuwa amekifunga mbali na msitu mkubwa, katika bonde lenye miti ya asili katikati ya mashamba ya watu. Hakutarajia kitu. Michoro ikaonyesha kinengenenge wako pale, wengi, asubuhi baada ya asubuhi. Wakati huohuo akapata habari kwamba kijiji kimeamua kufyeka bonde lile na kupanda mikaratusi ya nguzo.

Aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Kabla ya yote aliwaambia kwamba hasikii vizuri, hivyo kila mwenye neno aje asimame mbele yake, aone midomo. Wengine walicheka kidogo, kisha wakaacha. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Honorata, mjane aliyelima tangawizi kando ya bonde. Fadhila alimwamkia shikamoo, mjane akaitikia marahaba, akauliza polepole, "Ndege hawa wanatuletea nini sisi?"

"Fedha hawaleti, mama, sitawadanganya," Fadhila alijibu. "Wanaishi milima hii tu, duniani kote. Bonde hili likifyekwa, hawa wa hapa hawana pa kwenda. Nimekuja kuwaomba."

Mabishano yalichukua mikutano kadhaa, na Fadhila alipanda kwa kila mmoja. Hakupata alichotaka chote. Upande wa juu wa bonde ulifyekwa, na mikaratusi ipo hadi leo. Lakini sehemu ya chini, penye chemchemi, iliachwa, na wenyeji wakaanza kupanda miti ya asili kuelekea msitu mkubwa. Mama Honorata alitoa ukingo wa shamba lake, ingawa wanawe walimnung'unikia.

Miche ya kwanza sasa imempita mtu kimo. Fadhila bado yuko kazini, na wanafunzi humfuata kujifunza nyavu na michoro. Aminieli amestaafu. Mwaka huu Fadhila ameomba kibali cha kufunga vinasa sauti Ugweno, Upare Kaskazini, kuanzia Shighatini, kwenye milima ambayo hajawahi kuifanyia kazi. Eliufoo alimuuliza kama hachoki. Alimjibu kwamba anachoka sana, kisha akamuuliza kibali kitatoka lini.