Moto Iko

Sebagabo alichoka miaka mingi kabla ya kuzeeka. Magoti yalichoka na ngazi, masikio yalichoka na simu, ulimi ulichoka na wimbo uleule: badilisheni tablo, ule ubao wa fyuzi ukutani. Ufundi wa umeme aliusomea mitaani Goma, akarudi Gisenyi na bisibisi mbili mfukoni, na kwa miaka ishirini na mitano hakuna dari ya mtaa wa Mbugangari ambayo hakuipanda. Watu walimheshimu sana. Kumsikiliza, hilo lilikuwa jambo jingine.

"Fundi, moto iko?" ndiyo salamu aliyopewa njiani. Kwa Kinyarwanda neno ni moja tu, umuriro, wa jikoni na wa kwenye waya, na Kiswahili cha mji huu kimeiga hivyo hivyo. Umeme ukikatika, moto umeenda. Ukirudi, moto iko. Sebagabo alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi mno hata akaacha kulisikia.

Mteja aliyemchosha kuliko wote alikuwa Mukakalisa, mjane muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Alliance kwa jina la binti yake aliyeolewa Kigali. Nyuma ya mlango wa sebule yake, chini ya kalenda ya kanisa, ilikuwako tablo iliyofungwa enzi za marehemu mumewe: ubao mkavu na fyuzi nne za kauri, basi. Siku ilipofungwa, nyumba ilikuwa na balbu tatu na redio. Sasa ilikuwa na friza ya sambaza, televisheni, pasi, birika la umeme, na wapangaji wawili uani, kila mmoja na jiko lake la koili. Vyote vilitegemea nyaya zilezile nyembamba zilizowekwa kwa ajili ya redio.

Kila wiki fyuzi iliungua, na kila wiki simu ililia. "Fundi, moto imeenda! Sambaza yangu itaoza!"

Alimweleza, Mungu ndiye shahidi. Alimwambia ule uzi mwembamba ndani ya fyuzi umewekwa ili ufe wa kwanza, waya wa ukutani upone. Ukifa kila wiki, si ubovu wa fyuzi, ni tablo inayolia kwamba mzigo umeizidi. Taa ikififia kila friza inapoanza kunguruma, ni kilio hicho hicho. Swichi ikiwa ya moto ukiigusa, vilevile. Dawa ni kuing'oa, kuweka mpya yenye dijonkteri, vile vidude vinavyoruka vyenyewe umeme ukizidi, friza ipewe njia yake na wapangaji yao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

"Bon, fundi, tutaona," Mukakalisa alijibu kila mara, akamsogezea kiti na chai.

Ndipo ikaja Jumapili moja ya masika, mvua ikimwagika kutwa. Mukakalisa alipiga simu kwa mara ya tatu wiki hiyo. Sebagabo alifika ameloa hadi mifupa, hajala tangu asubuhi, akafunua kalenda, akakuta fyuzi ileile imeungua. Kwenye mfuko wake uzi wa fyuzi ulikuwa umeisha. Alikata kipande cha waya wa shaba, akakimenya, akachomoa nyuzi tatu nene, akazisokota, akazikaza mahali palipotakiwa uzi mwembamba kama unywele. Alijua alichokuwa akifanya. Angemfokea fundi yeyote ambaye angemkuta akikifanya. Nitarudi wiki ijayo nizitoe, alijiambia. Hakurudi.

Simu ikanyamaza. Loo, raha iliyoje! Wiki zikapita, kisha miezi, na Mukakalisa hakumwita tena ila kumsalimu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibaya hiki kilijiuza chenyewe hadi soko la Mahoko. Kila aliyenunua sambaza kwa Mukakalisa alisikia habari za fundi mwenye mkono wa dhahabu. Hata Kadiri fundi cherehani akamsimamisha njiani siku moja ya Jumatatu.

"Unifungie kama ile ya Mama Alliance, ile haizimake."

Sebagabo aliona aibu, akaona na hofu. Alimwambia Kadiri hapana, akapitiliza moja kwa moja hadi kwa Mukakalisa. Aliweka kiganja ukutani chini ya kalenda. Ukuta ulikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa, na palinuka plastiki.

"Mama Alliance, tablo hii tuitoe."

Mukakalisa alicheka. "Tuitoe ya nini? Tangu uitengeneze haijazima hata siku moja. Mukono yako iko na baraka, fundi."

Akisema ni hatari, ataulizwa tangu lini, na jibu la tangu lini lilikuwa yeye mwenyewe. Akizitoa zile nyuzi kimya kimya, fyuzi itaungua kabla hajafika barabarani, na swali litakuwa lilelile. Akasema atakuja Alhamisi na vifaa. Chai ya siku hiyo aliiacha mezani.

Alhamisi umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Afadhali, aliwaza Sebagabo, pasipo umeme hakuna hatari, nitakwenda kesho. Akakaa kitandani kuvua viatu. Saa nane mchana balbu juu ya kichwa chake ikawaka, na papo hapo simu ikalia. Alikuwa Mukakalisa, ambaye siku zote huongea kwenye simu kana kwamba anamwita mtu wa ng'ambo ya ziwa.

"Fundi! Moto iko mu nyumba!"

"Eh, mama, na huku iko," alijibu, akakata simu.

Alikuwa ameshavua kiatu cha kwanza alipotulia akawaza. Kwa miaka ishirini na mitano watu walimpigia simu moto ukienda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia kumwambia umerudi.

Alikimbia na kiatu kimoja.

Umeme uliporudi, friza, pasi na koili za wapangaji zilizosahaulika bila kuzimwa viliamka kwa pamoja. Tuyishime, mmoja wa wapangaji, alikuwa ameshauzima umeme kwenye mita nje, na majirani walikuwa wakimwagia ukuta mchanga mweusi wa volkano. Mlango ulikuwa umeungua, na kalenda, na ukuta hadi darini. Mukakalisa alikaa uani juu ya jiwe, kiganja chake cha kulia kimefungwa kitenge kilicholowa. Ndicho alichopimia sambaza.

"Musilaumu fundi," alikuwa akiwaambia majirani. "Alinionya miaka yote. Bila mukono yake hii nyumba ingeungua zamani."

Watu wakampisha Sebagabo kwa heshima. Angeweza kunyamaza, na jina lake lingebaki safi hadi kaburini. Aliingia ndani, akachokonoa ubao kwa bisibisi. Ubao ulikuwa mkaa, kauri imepasuka, lakini nyuzi zake tatu zilikuwa nzima. Akatoka nazo, akaziweka kwenye kiganja cha Mukakalisa kilichopona.

"Hii ni mi niliweka, mama. Fyuzi ilitaka kuzima, mi nikaikataza."

"Juu ya nini?"

"Nilichoka. Ulikuwa unaniita sana."

Mukakalisa alizitazama zile nyuzi.

"Si ungeniambia tu kama umechoka, fundi," alisema. "Ningekaa mu giza."