Debe la Kahawa Lililokosa Mnunuzi

Jumapili ile, baada ya ibada kanisani kwetu Kihanga, mzee wa kanisa aliinua debe la kahawa ya maganda, akataja bei ya kuanzia, na hakuna aliyejibu.

Akataja tena akitabasamu, akidhani watu hawajasikia. Mnada wa sadaka ulikuwa umechangamka mpaka hapo. Mikungu ya ndizi ilikuwa imekwisha, na jogoo alikuwa ameuzwa mara mbili, maana mnunuzi wa kwanza alimrudisha mbele auzwe tena kwa ajili ya bati za kanisa. Lakini kahawa, ambayo misimu mitatu mfululizo watu walikuwa wakiigombea pale kama vile ni ya bure, ilibaki imening'inia mkononi mwa yule mzee. Mwishowe mchungaji akainunua mwenyewe, kwa bei iliyowafanya watu watazame chini.

Mama alinishika kiwiko. "Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Bei inashuka," alisema.

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa na jibu. Mtu aliyezoea kupandisha bei ya kahawa kanisani ni mwenye mashine ya kukoboa, na siku hiyo alikuwa msibani Rugera. Asipokuwepo yeye wa kuanza, wengine hawana wa kushindana naye. Nilimweleza mama, nikawaeleza na wanawake waliokuwa wakifunga kanga zao mlangoni. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kuulizana walichokuwa wakiulizana: itashuka lini?

Ni lazima niseme kwa nini swali hilo lilituhusu sana nyumbani. Mdogo wangu wa kike alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Baba alishafariki, mimi nilikuwa nimerudi na shahada ya uchumi ambayo hakuna aliyeihitaji, na kitu pekee ambacho kingempeleka mdogo wangu chuoni kilikuwa kahawa ya msimu ule. Ilikuwa bado mitini, nyingi ya kijani, kidogo tu ikianza kuwa nyekundu.

Jioni mjomba alipiga simu kutoka Kyerwa. Habari ya debe ilikuwa imeshamfikia. Sijui ilipanda pikipiki gani. Mjomba wangu ni mtu wa dalili. Alitukusanyia zote, mama akiwa ameweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza. Wanunuzi waliokuwa wakishinda kwenye kituo cha kahawa wakinywa soda sasa hawapokei simu. Fundi pikipiki ameacha spana zake ananunua kahawa, na fundi akiacha kazi yake, ujue biashara imefika kwa wajinga. Halafu kanisa. Kanisa, alisema, halidanganyi.

"Mjomba, shikamoo," nilisema. "Fundi huyo alianza kununua kahawa mwaka juzi. Ukasema hivyohivyo. Bei ikapanda."

"Marahaba, msomi. Basi tuambie wewe. Inashuka au haishuki?"

"Sijui."

"Hujui."

"Hakuna anayejua. Hata wanaouza hisa huko kwenye miji mikubwa, wenye kompyuta, hawajui. Dalili zipo kila mwaka. Bei isiposhuka tunazisahau, ikishuka tunasema tuliziona."

Kisha mjomba akamwambia mama, si mimi: "Waitu, dada yangu, kumbe miaka yote ile alikuwa anasomea kutojua."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi pia nilicheka. Lakini alipoacha kucheka aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu aliyegonga mlango wa zahanati akakuta umefungwa.

Kesho yake nilikwenda mjini Kayanga kutafuta ukweli. Kwenye ofisi nilikoulizia niliambiwa bei ya mnada mkubwa, ule ambapo vyama vya msingi huuzia kahawa ya wakulima, haijasogea. Nikarudi nimejaa ushindi, nikipanga maneno ya kumwambia mama.

Niliposhuka kwenye pikipiki nilidhani nimekosea njia. Shamba la jirani yetu wa kwanza lilikuwa limebadilika rangi. Mibuni iliyokuwa imeinama kwa matunda asubuhi ilikuwa imesimama wima, matawi yake yakiwa meupe pale yalipochubuka. Watu hawakuwa wakichuma, walikuwa wakikwanyua: unashika tawi karibu na shina, unavuta mkono mpaka nchani, na kila kitu kinaanguka juu ya turubai, chekundu, kijani, majani, hata vijiti. Shamba la pili hivyohivyo, na la tatu. Vibarua waliotoka Nyakasimbi walikuwa wakikimbia, wakikimbia kweli, kutoka mti hadi mti. Hakuna aliyekuwa akiimba wala kutaniana. Nimekulia katika kahawa na sikuwahi kuona mavuno ya kimya.

Mama alikuwa ameshamaliza safu za chini.

"Mama, bei haijashuka. Nimetoka kuuliza."

"Bado," alisema bila kugeuka.

"Hii ya kijani itakuwa nyeusi ikikauka. Haitakuwa na uzito."

"Mwanangu, jirani zangu wote wanavuna wiki hii. Mimi niuze baada yao wote? Nani atakuwa amebaki na hela ya kuninunulia?"

Mpaka leo natafuta jibu la swali hilo, maana kwa akili ya kawaida alikuwa sahihi. Ikiwa kila mtu anakimbia kutoka ndani ya nyumba, hata asiyeona moshi ana sababu ya kukimbia.

Mtu mmoja tu hakukimbia: mdogo wangu. Baba, kabla hajafa, alimpa safu ya juu ya mibuni iwe yake. Watu walisema sana wakati ule, kwamba mtoto wa kike hupewa mbuzi, hapewi kahawa. Sasa alikuwa amesimama mwanzo wa safu hiyo na panga mkononi, na vibarua walipofika aliwaambia hapa hapaguswi.

"Unasubiri nini?" mama alimuuliza.

"Nasubiri iive."

"Na chuo?"

"Mama, kahawa kuiva itaiva tu. Hilo sihitaji kubahatisha."

Mama alimwacha, nadhani kwa uchovu.

Wiki zilizofuata kahawa ilianikwa kila mahali: juu ya turubai, juu ya mikeka, juu ya udongo mtupu ua ulipojaa. Tulipopeleka yetu kwenye chama cha msingi, mpokeaji aliingiza mkono ndani ya gunia, akatoa konzi, akapuliza. Nusu ilipeperuka.

"Mama, hii ungeichemsha ukawapa wageni watafune," alisema. "Si ya kuuza."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amebeba gunia kama letu. Kahawa yetu ya kutafuna tunaijua: huchumwa kabla haijaiva, huchemshwa na majani, hupewa mgeni kwenye kikapu kidogo. Wilaya nzima ilikuwa imeleta kahawa ya wageni sokoni.

Na bei ikashuka. Haikuteleza, ilianguka. Wanunuzi walikuwa wamesikia kwamba kahawa ya kwetu mwaka huu ni mbichi na ni nyingi, wakataja bei ya kitu kibichi na kingi. Nilisoma ujumbe wa bei mpya kwenye simu yangu nikiwa nimesimama, nikausoma tena nimekaa.

Mjomba alikuja mwenyewe kutoka Kyerwa kushuhudia ushindi wake. Alikaa, akapewa chai, akasema: "Nilisema, sikusema?"

"Ulisema, mjomba. Ulikwanyua lini wewe?"

"Jumatatu ile ile. Mimi sichelewi."

"Na bei ilishuka lini?"

Aliweka kikombe chini. "Unataka kusema nini?"

"Nauliza tu. Uliona moshi, au wewe ndiye uliyewasha?"

"Muulize na mama yako," alisema polepole. "Muulize na mchungaji aliyenunua debe kwa bei ile. Mimi nina mikono miwili tu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Mama aliyekuwa akimenya ndizi alisema bila kuinua uso: "Hata leo ningekwanyua. Ningesubiri peke yangu bei ikashuka, mngeniita mjinga mpaka kaburini. Sasa hakuna wa kumcheka mwenzake." Mjomba akaitikia kwa kichwa. Nilitazama nyuso zao mbili, za watu ninaowapenda, nikaona kwamba kwao jambo lilikuwa limekwisha. Lilikuwa msimu mbaya, kama ukame.

Kwa mdogo wangu halikuwa limekwisha. Tulichopata hakikutosha hata muhula wa kwanza. Safu yake iliiva, akaichuma punje nyekundu tu, akapata bei nzuri kidogo kuliko sisi, lakini safu ni safu, si shamba.

Mvua za kwanza ziliponyesha mibuni ilichanua. Harufu ya maua hayo hujaza nyumba mpaka kwenye blanketi. Mwaka huu haikufika ndani. Tulitoka tukaona: matawi tuliyoyakwanyua yalikuwa na ua hapa na pale, kama nywele za mgonjwa. Mavuno ya mwaka ujao tulikuwa tumeyang'oa pamoja na ya mwaka huu. Mama alipita safu moja baada ya nyingine akigusa matawi. Safu ya juu peke yake ilikuwa nyeupe kwa maua.

Ndipo mmoja wa wanunuzi wale wa kituoni alipokuja na pikipiki yake. Alikuja kununua maua. Tunaiita butura: unauza kahawa ingali ua, unapewa fedha leo, na ikiiva si yako. Serikali imekataza, na kila mtu anajua nani ananunua. Alitembea shamba letu lote bila kusimama, akasimama kwenye safu ya juu.

"Hii naichukua," alisema, akataja bei. Tukijumlisha na kile kidogo cha mama, mdogo wangu angeingia chuoni. Chuo kilikuwa kinakaribia kufungua.

Nilishindwa kujizuia. "Mwezi wa sita wewe ndiye uliyekuwa hupokei simu. Kama bei imekufa, maua unanunulia nini?"

"Simu yangu ilikuwa imeharibika betri," alisema. "Kijana, ningekuwa najua bei, ningepanda pikipiki hii? Nabahatisha kama ninyi. Sema, binti."

"Siuzi," alisema mdogo wangu.

"Nafasi haitakusubiri," mama alimwambia.

"Nikiuza maua niingie, muhula wa pili nitauza nini? Mizizi?"

Mnunuzi akaongeza bei. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Mama akanigeukia mimi. "Wewe msomi, mwambie."

Nilifungua mdomo. Mimi niliyekwenda Kayanga kupinga hofu yao, niliyemhoji mjomba akinywa chai yetu, nilitaka kwa moyo wangu wote akubali, achukue kilichopo kabla hakijashuka. Mkono wangu ulijikunja kama wa mtu aliyeshika tawi tayari kulivuta.

"Ni safu yake," nilisema, kwa taabu.

Mnunuzi alivaa kofia yake akaondoka. Mama aliingia ndani. Mdogo wangu alichukua majani makavu ya migomba akaanza kuyatandaza chini ya mibuni yake, taratibu, asiangushe maua. Nilipaswa kumsaidia, lakini nilibaki nimesimama, nikitazama barabara kama pikipiki ile itageuka.